Umelipia Kasi Kubwa, Inafika Nusu: Namna ya Kuitoa Yote Kwenye Ruta ya Nyumbani

"Fundi, nimelipia mia, mbona napata kumi na mbili?"

Swali hili nalipokea karibu kila wiki. Leo linatoka Shangani hapa Mtwara, kesho Chuno, keshokutwa Lindi mjini, na maelezo ni yaleyale: faiba imeingia, bili imelipwa, taa za ruta zinawaka, lakini video inazunguka. Wengi wanaponipigia wameshakata shauri la kununua ruta mpya. Naomba usinunue bado. Katika nyumba nyingi nilizoingia, ruta haikuwa na kosa. Kasi ilikuwa inakwama mahali pamoja padogo: plagi iliyoliwa na chumvi, kebo ya bei rahisi, boksi lililofichwa nyuma ya friji. Pakipatikana mahali hapo, kasi inarudi siku hiyohiyo.

Nimeandika hatua kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe nikifika kwa mteja. Zifuate hivyohivyo bila kuruka. Zinafaa kwa mwenye kifurushi cha Mbps 50 na kwa mwenye gigabiti, yaani Mbps 1000, au zaidi. Panapowahusu wa gigabiti peke yao, nitasema.

Kabla hujaanza

Tafuta vitu hivi uviweke mezani:

- Laptopu yenye poti ya kebo ya mtandao. Kama haina, adapta ya USB inayopokea kebo hiyo. Simu peke yake haitoshi, na utaona sababu yake kwenye hatua ya 2.
- Kebo fupi ya mtandao unayoiamini, ya daraja la Cat5e au Cat6, mita moja au mbili. Ile iliyokuja ndani ya katoni ya ruta hufaa, ila isome ubavuni kwanza.
- Jina na neno la siri la kuingilia kwenye ruta. Mara nyingi yamebandikwa chini yake.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa; vipimo vinachanganyana haraka sana.
- Tochi, hata ya simu.
- Kama utabana plagi mwenyewe: koleo la kubania, plagi za kebo ya mtandao (RJ45) kama kumi hivi, na kipimio cha kebo.

Tenga saa mbili ambazo watoto hawako kwenye katuni na hakuna anayepakua kitu. Ukipima huku nyumba nzima inatumia mtandao, unapima mabaki.

Hatua ya 1: Jua namba unayoidai

Aliyeniuliza lile swali la kumi na mbili ni mama mmoja wa Chikongola anayeshona nguo na kupokea oda zake kwa mtandao. Nilipofika, nikakuta hadaiwi wala hadai. Kifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps. Kompyuta yake ilikuwa inaonyesha faili likishuka kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Gawa 100 kwa 8, unapata 12.5. Mama alikuwa anapata kasi yake yote, kwa kipimo kingine tu.

Kwa hiyo kifurushi cha 50 kitashusha faili kwa megabaiti 6 na ushee kwa sekunde, cha 100 kwa 12 na ushee, cha gigabiti 1 kwa takriban 115 hivi, kwa sababu sehemu kidogo ya njia huliwa na taarifa za usafirishaji zinazoambatana na kila paketi, yaani kila kipande cha data. Andika kwenye daftari: kifurushi changu ni Mbps ngapi kupakua, ngapi kupakia. Namba hizi mbili mara nyingi hazilingani, na watu wengi hawajawahi kuisoma ya pili.

Hatua ya 2: Pima kwa waya, karibu na ruta

Zima Wi-Fi ya laptopu. Chomeka kebo fupi toka laptopu hadi moja ya poti za LAN za ruta, zile za kutolea mtandao kwa vifaa vya ndani. Funga programu zote, hasa zile zinazohifadhi picha mtandaoni zenyewe. Kisha pima kwa Speedtest au fast.com, mara tatu, na uandike matokeo yote matatu pamoja na saa uliyopima.

Speedtest hukuruhusu kuchagua seva, yaani kompyuta ya mbali unayopimana nayo. Chagua ya Dar es Salaam. Toka Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi kwa barabara, na mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde chache. Ukiiacha ijichagulie ikakupeleka nje ya nchi, umeongeza safari ya baharini kwenye kipimo, na matokeo mabaya yatakuwa hayahusu nyumba yako hata kidogo.

Kwa nini si simu? Kwa sababu simu hupima vitu viwili kwa pamoja: mtandao unaoingia ndani, na Wi-Fi inayokufikia wewe. Jibu likija baya hujui umlaumu nani. Waya unakutenganishia.

Sasa angalia daftari lako. Kama kwa waya unapata kifurushi chote, tatizo lako liko kwenye Wi-Fi: ruka moja kwa moja hadi hatua ya 7. Kama hata kwa waya hupati, endelea.

*Kosa la kila siku:* kupima mara moja, saa mbili usiku, kisha kupiga simu kulalamika. Pima asubuhi mapema na usiku. Tofauti kubwa kati ya nyakati hizo ni habari muhimu, nitairudia chini.

Hatua ya 3: Soma kasi ya muunganisho

Hii ndiyo hatua iliyonitatulia kesi nyingi kuliko nyingine zote, na haigharimu hata shilingi.

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao, ingia kwenye Ethernet, shuka hadi uone mstari wenye namba kama 1000/1000 au 100/100. Kwenye Linux, andika `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi yako ya mtandao, utaona mstari wa `Speed`. Namba hiyo ndiyo makubaliano kati ya laptopu na ruta: tutaongea kwa kasi gani.

Ukiona 100 wakati vifaa vyote viwili ni vya gigabiti, simama hapo. Umempata mwizi. Na kama kifurushi chako kinazidi 100, vipimo vyako vya hatua ya 2 vitakuwa vimeganda kwenye 93, 94 au 95, haviendi juu wala chini. Namba hiyo 94 ikijirudia, usihangaike na mipangilio ya ruta wala kumpigia mtoa huduma. Ni waya au poti.

Sababu ni hii. Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani, jozi nne. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu. Gigabiti inazitaka zote nne. Waya mmoja wa zile jozi mbili nyingine ukikatika au ukishika vibaya, vifaa havizimiki, haviandiki kosa, vinashuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea na kazi. Ndiyo maana mtu anakaa mwaka mzima hajui.

Nyumba moja ya Shangani, mita chache toka ufukweni, mwenyewe ana kifurushi cha 200 na anapata 94 miaka miwili. Nilichomoa plagi nyuma ya ruta nikaimulika kwa tochi. Yale meno manane ya shaba yanayotakiwa kung'aa: saba yalikuwa na weusi, na la nne lilikuwa limevaa ukungu wa kijani kama sarafu iliyosahaulika kisimani. Upepo wa bahari ulikuwa umefanya kazi yake. Nikaikata plagi, nikabana mpya, namba ikapanda hadi 1000, kipimo kikaja 190 na kitu. Mzee wa nyumba akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo tu, mwanangu?" Hiyo tu.

Hatua ya 4: Kagua kebo, na bana upya panapohitajika

Fuata kebo kwa mkono, toka mwanzo hadi mwisho. Tafuta mahali palipobanwa na mlango, palipokunjwa kwa nguvu kwenye kona, palipopigwa msumari, palipotafunwa na panya. Kwenye dari za kwetu, panya ni sababu ya kweli kabisa.

Soma maandishi ubavuni mwa kebo. Unataka kuona Cat5e, Cat6 au Cat6A. Kebo isiyo na maandishi yoyote iachie kufungia mbuzi.

Halafu kuna kebo za alumini iliyopakwa shaba. Zinauzwa sana kwa sababu ni rahisi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na za shaba tupu. Kata kipande, chukua waya mmoja, ukwangue kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe wa fedha chini ya ngozi ya shaba, hiyo ni alumini: inakatika ikikunjwa, inashika kutu haraka kwenye hewa ya chumvi, na kwa masafa marefu inapoteza nguvu. Kwa mita mbili itakusogeza. Kwa mita thelathini darini, utairudia kazi hiyo.

Ukibana plagi, panga rangi hivi pande zote mbili, klipu ikitazama chini na meno yakiwa mbele yako, kushoto kwenda kulia: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo. Hakikisha nyaya zote nane zimegota mwisho wa plagi na ganda la nje limeingia ndani na kubanwa, ili uzito wa kebo usivute nyaya zenyewe.

*Onyo.* Kuna mafundi wanaopanga rangi kwa jozi moja kwa moja, chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili, wakisema "alimradi pande zote zifanane". Kipimio kitawasha taa zote nane na kila mtu atafurahi. Lakini pini ya 3 na ya 6 lazima zitoke kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, na kwa mpangilio ule hazitoki. Matokeo ni mtandao unaokatika-katika, kasi isiyotulia, na kipimio kinachoapa kwamba kebo ni nzima. Ukiikuta hali hiyo, kata plagi zote mbili uanze upya.

*Onyo jingine, la usalama.* Usivute kebo ya shaba hewani toka nyumba hadi nyumba. Msimu wa mvua wa kwetu, Desemba hadi Aprili, radi ikipiga jirani umeme wake hutafuta njia yoyote ya chuma. Nimeona swichi za mtandao (visanduku vya kugawa mtandao kwa kebo), ruta na televisheni zimeungua kwa mpigo mmoja. Kuunganisha nyumba mbili tumia faiba, ambayo haipitishi umeme. Na kebo yoyote inayopita nje iwe yenye ganda jeusi la kuhimili jua; ile ya kijivu ya ndani hupasuka juu ya mabati.

Hatua ya 5: Hesabu milango yote ambayo kasi inapita

Chora kwenye daftari: faiba → kiboksi cha faiba → ruta → swichi kama ipo → laptopu. Kando ya kila kifaa andika kasi ya poti inayotumika. Utakachopata mwisho hakiwezi kuzidi namba ndogo kuliko zote kwenye mchoro huo.

Hapa ndipo katoni zinapowadanganya watu. Ruta imeandikwa AC1200, mtu anaamini ni Mbps 1200. Zile ni jumla, ikiwa imezungushwa juu, ya bendi (masafa) mbili za Wi-Fi, 300 na 867, tena kwa makadirio ya nadharia. Nimeshika ruta za namna hiyo ambazo poti zake zote nyuma ni za 100. Yaani hata ukilipia 500, mlango wa kuingilia unapitisha 94. AX1800 ni 574 na 1201. AX3000 ni 574 na 2402. Simu yako hutumia bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo haikuhusu. Unachotakiwa kusoma ni kasi ya poti ya WAN, ile ya kupokelea mtandao, na za LAN, maandishi madogo nyuma ya katoni.

Swichi kuukuu nazo zikague. Ile ya poti tano iliyorithiwa toka ofisini inaweza kuwa ya 100.

*Kwa wenye zaidi ya gigabiti 1.* Soma kwa makini, pesa nyingi hupotea hapa.

Kwanza, kiboksi cha faiba. Mfumo wa faiba uitwao GPON unashusha takriban gigabiti 2.5 na kupandisha 1.25, na hizo hugawanywa kwa nyumba zote mnaochangia uzi mmoja wa faiba. Mfumo wa XGS-PON hutoa karibu gigabiti 10 pande zote. Muulize mtoa huduma kiboksi chako ni kipi, na poti yake ya kutoa ni ya gigabiti ngapi. Kikiwa na poti ya 1, hutavuka 940, hata ruta iwe ya namna gani.

Pili, ruta nyingi zina poti moja tu ya 2.5. Ukiitumia kupokea mtandao, zilizobaki za LAN ni za gigabiti 1. Hakuna kifaa kimoja kwa waya kitakachopata 2, ingawa viwili kwa pamoja vinaweza kugawana. Ukitaka kompyuta moja ipate 2 na kitu, unahitaji poti mbili za 2.5: moja ya kuingilia, moja ya kutokea.

Tatu, kompyuta yenyewe. Kadi nyingi ni za gigabiti 1. Adapta ya USB ya 2.5 hutatua, ila ichomeke kwenye USB 3, mara nyingi ile yenye ulimi wa buluu. USB 2 mwisho wake ni 480 kwa nadharia, na utakachoona ni chini ya hapo.

Nne, kebo. Habari njema: kiwango cha 2.5 kilichopitishwa mwaka 2016 kilitengenezwa makusudi kipite kwenye Cat5e ya kawaida hadi mita 100. Kama nyumba yako ina Cat5e nzuri ya shaba ukutani, usiing'oe. Kwa gigabiti 10, Cat6A ndiyo inayofika mita 100; Cat6 hufika nusu ya hapo hivi.

Kipimo kizuri kwa 2.5 ni 2300 na kitu. Vivinjari huchoka kwenye kasi hiyo, kwa hiyo pima kwa programu ya Speedtest iliyosakinishwa.

Naulizwa kama kuna faida ya poti za 2.5 kwa mtu ambaye kifurushi chake ni 100 tu. Ipo, kama unahamisha mafaili makubwa ndani ya nyumba. Kijana mmoja wa Rahaleo hupiga video za harusi. Kila Jumatatu anahamisha gigabaiti 60 toka kompyuta moja kwenda kwenye sanduku la kuhifadhia. Kwa poti za 100 alikuwa anasubiri karibu saa moja na nusu. Kwa gigabiti, dakika tisa. Kwa 2.5 ingekuwa chini ya dakika nne, lakini diski yake ni ile ya kuzunguka na haiwezi kuandika kwa haraka hiyo, hivyo nilimshauri abaki na gigabiti. Alikubali, pesa akaweka kwenye lenzi.

Hatua ya 6: Safisha mipangilio ya ruta

Ingia kwenye ruta, angalia mambo haya matatu.

Kipengele cha kugawa kasi, QoS. Ukikiwasha, ruta nyingi za nyumbani hulazimika kuchungulia kila paketi kwa kichakato chake kikuu badala ya kuipitisha kwenye njia ya haraka. Ruta iliyokuwa inatoa 900 inaweza kushuka chini ya nusu. Tena wapo waliowahi kuandika kikomo cha 20 wakati kifurushi kilikuwa 20, wakapandisha kifurushi, wakasahau kikomo. Zima, pima. Vivyo hivyo vichujio vya watoto na takwimu za matumizi: zima kwa muda, pima, kisha amua kama unavihitaji.

Ruta mbili. Kiboksi cha mtoa huduma mara nyingi nacho ni ruta, na wewe umeongeza ya kwako. Zote mbili zinarudia kazi ileile ya kutafsiri anwani za vifaa vyako, na ile ya kwanza mara nyingi ndiyo dhaifu. Mwombe mtoa huduma aweke kiboksi chake katika hali ya daraja (bridge), yaani kipitishe mtandao tu, kazi yote ifanywe na ruta yako. Akikataa, fanya kinyume: geuza ya kwako iwe kituo cha Wi-Fi tu.

Programu ya ndani ya ruta. Isasishe, lakini si wakati wa mawingu ya kukata umeme. Umeme ukizimika katikati, ruta inaweza kufa moja kwa moja.

Hatua ya 7: Wi-Fi

Kwa waya unapata yote, kwa simu hupati. Anza na mahali ilipokaa ruta. Iweke katikati ya nyumba, juu, kiasi cha usawa wa kichwa, wazi. Mbali na friji, kioo kikubwa, tangi la maji na mlango wa chuma. Maji na chuma ni adui wakubwa wa masafa haya. Usiiweke darini chini ya mabati. Mchana wa Januari joto la huko linaikaanga, nayo hupunguza kasi au kujizima.

Kisha kuta. Matofali ya saruji hupunguza, lakini yanastahimilika. Nyumba za zamani za Mikindani, na baadhi za Lindi, ni jambo jingine kabisa: mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kama urefu wa mkono. Mama mmoja wa Mikindani anapangisha vyumba kwa wageni katika nyumba ya namna hiyo. Sebuleni nilipima 96. Nikapita mlango, nikaingia chumba cha pili, nikapima 8. Alikuwa ameshanunua vile vifaa vya kurudufu mawimbi, viwili, na havikusaidia, kwa sababu navyo vilikuwa vinapokea kupitia ukuta uleule. Nilipitisha kebo kwenye upenyo wa fremu ya dirisha, nikaweka kituo cha pili cha Wi-Fi upande wa vyumba. Chumba kile sasa kinapata 90. Ukuta wa aina ile haushindwi kwa antena, pitisha waya.

Baada ya mahali, bendi. Gigahezi 2.4 hufika mbali lakini ni ya polepole na imejaa majirani. Gigahezi 5 ni ya kasi lakini haipendi kuta. Kwa matumizi ya chumba kimoja na ruta, tumia 5. Zipe majina tofauti ili ujue uko wapi. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 tu, upana wa megahezi 20. Kwenye 5 tumia upana 80. Upana 160 unaongeza kasi kwa simu zinazouweza, lakini unaingia kwenye chaneli zinazolinda rada, hivyo ruta inaweza kusubiri dakika nzima au zaidi kabla ya kuanza, au kuhama ghafla.

Ulinzi wa neno la siri la Wi-Fi uwe WPA2 kwa AES, au WPA3. Ukikuta TKIP, ulinzi wa zamani, ibadilishe sasa hivi. Mbali na udhaifu wake wa kiusalama, huishusha Wi-Fi yote hadi 54.

Matarajio ya haki: simu nzuri ya Wi-Fi 6 iliyo chumba kimoja na ruta, kwenye upana wa 80, huandika kasi ya muunganisho 1201, na kipimo halisi hutoka kati ya 600 na 800. Gigabiti 2 kwa simu mkononi usiitarajie.

Hatua ya 8: Umeme

Pitia haraka. Ruta inayojiwasha upya yenyewe mara nyingi ina adapta iliyochoka. Badilisha kwa yenye volti zilezile na ampea zilezile au zaidi, na uangalie alama ya chanya na hasi. UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta ni ununuzi mzuri kwa mitaa yetu, lakini kumbuka kiboksi cha faiba nacho kinataka umeme. Ukiiwasha ruta peke yake unapata Wi-Fi isiyo na mtandao.

Ukikwama

*Taa nyekundu imeandikwa LOS.* Mwanga wa faiba haufiki. Angalia kama uzi wa faiba umebanwa na kabati au umekunjwa kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Uachie kwa upole. Usichungulie ncha yake: ule mwanga hauonekani kwa macho, na unaweza kuyadhuru. Plagi ya kijani iingie kwenye tundu la kijani, ya buluu kwenye buluu, hazichanganywi.

*Hakuna taa nyekundu, lakini kasi inayumba.* Kwenye ukurasa wa kiboksi tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa. Huandikwa kwa kipimo cha dBm: kati ya -8 na -27 kwa kawaida ni salama. Ikikaribia -27 au kushuka zaidi, kuna kona, uchafu au kiungo kibaya njiani, na hiyo ni kazi ya mtoa huduma.

*Asubuhi 100, usiku 30, kwa waya, kila siku.* Ndani ya nyumba yako pako sawa. Msongamano uko nje. Vipimo vya daftari lako ndivyo ushahidi.

*Seva ya Dar inatoa kasi yote, lakini tovuti za nje zinakufa.* Tazama habari kabla ya kugusa chochote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilipata tabu, na siku ile nilipokea simu za watu waliokuwa wameshafuta mipangilio yote ya ruta bila sababu.

*Kupakua ni sawa, simu za video zinakatika.* Angalia kasi ya kupakia, kisha angalia nani nyumbani anapandisha picha au video. Hapa QoS ina haki ya kuwashwa, kwenye vifurushi vidogo.

*Umefanya yote na bado.* Mpigie mtoa huduma, na usiseme "mtandao uko slo". Sema hivi: "Nimepima kwa waya, laptopu moja, Wi-Fi imezimwa, muunganisho ni 1000, seva ya Dar es Salaam. Saa 12 asubuhi napata kiasi hiki, saa 2 usiku kiasi hiki, siku tatu mfululizo. Nguvu ya mwanga ni hii." Mtumie na picha ya ukurasa huo wa daftari.